Jina la Mwenyeji

Benchi la Ma Eulalie limeegemea ukuta wa duka lake, mkabala na bomba la maji la Anse Moulin, kisiwani Dominica. Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya mlima, mama huyo hutua sufuria ya kakao yenye mdalasini na kungumanga, na wazee watatu hukaa kumaliza matatizo ya dunia, kasoro ya kwao. Rubani aliitwa hivyo kwa sababu alibeba mizigo uwanja wa ndege miaka kumi na tisa na hajapanda ndege hata siku moja. Jaji aliwahi kuitwa mahakamani, kutoa ushahidi wa kesi ya mbuzi. Wa tatu ni Zaboka, muuza maparachichi, ambaye jina lake, kwa Kikrioli cha kisiwani, ndilo tunda lenyewe. Asubuhi hiyo hakugusa kikombe. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

— Soma tena — alisema Jaji. — Polepole, kuna wazee hapa.

Zaboka akasoma. Ujumbe ulitoka kwa Marva, binti yake, aliyeondoka na mama yake kwenda Uingereza akiwa wa miaka miwili. Sasa ana arobaini na mmoja, na kesho anapanda ndege kuja kumwona. Visa haihitajiki, ila leo hii lazima ajaze fomu: tiketi ya kurudi, siku atakazokaa, jina na anwani ya mwenyeji. "Nimeandika Zaboka, mkabala na bomba," alisema Marva. "Rafiki yangu anasema hilo si jina. Naomba lile la kwenye cheti."

— Si umpe? — alisema Ma Eulalie. — Cheti unacho, au uliokotwa sokoni?

— Ninacho. Alcide Royer.

Anse Moulin jina la cheti husikika mara moja tu, redioni, kwenye matangazo ya vifo: marehemu fulani, aliyejulikana zaidi kama fulani. Jaji alishavua kofia. Akaona haya, akairudisha.

— Usilitaje hivyo asubuhi asubuhi, bwana. Umenitia baridi.

— Na hilo jina ndo litamponza mtoto — alisema Rubani. — Nisikilizeni, mimi uwanja naujua. Ofisa akiona fomu anapiga simu kijijini. Anauliza, Alcide Royer yupo? Nani atasema yupo? Mimi mwenyewe ningemwambia hatumjui.

— Si umeshamjua sasa hivi?

— Ningekuwa nimeshaapa, Jaji. Mgeni asiye na mwenyeji anarudi na ndege ileile, hata maji hajanywa. Nimewabebea mabegi kuingia na kutoka.

— Wangapi?

— Mmoja. Lakini alilia kilio cha watu kumi.

Jaji akakohoa, kama afanyavyo akitaka kuhukumu.

— Sheria iko hivi. Jina likikosewa, anafukuzwa mgeni na mwenyeji wake.

— Mwenyeji afukuzwe aende wapi? — aliuliza Ma Eulalie.

— Hapo sasa ndipo kesi inapoanza.

— Basi aandike hoteli — alisema Rubani. — Hoteli haina jina la utani.

— Chumba nimekipaka rangi — alisema Zaboka. — Mara mbili. Ya kwanza niliona imemzidi ukali.



— Na siku je? — aliuliza Jaji. — Ameandika ngapi?

— Ameacha wazi. Ananiuliza mimi.

— Wahenga walishamaliza — alisema Jaji. — Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Andika mbili.

— Miaka thelathini na tisa, Jaji. Unanipa siku mbili?

Zaboka aliogopa, na hakuona sababu ya kuficha. Akikosea neno moja, Marva atageuzwa mlangoni, na mtu aliyegeuzwa mlangoni kwa baba yake hajaribu mara ya pili. Akatazama bomba linavyodondosha maji.

Wakati huo nesi mpya, wiki mbili tu tangu aletwe kijijini, alikuwa amesimama na chupa yake ya kujaziwa kakao. Alikuwa amesikia yote, kama wanavyosikia wote wanaopita hapo.

— Shikamooni wazee wangu. Samahani kuingilia. Huyo binti mwenyewe anakuitaje?

Zaboka akarudi nyuma kwenye simu, ujumbe baada ya ujumbe, zaidi ya arobaini. "Habari za asubuhi." "Habari za leo." Kila salamu iliishia hapo, bila "baba" wala "Zaboka", pale ambapo jina la mtu hukaa. Hakuwa amewahi kuliona hilo pengo.

Ma Eulalie aliinamisha sufuria juu ya chupa ya nesi. Yakatoka machicha.

— Imekwisha, mwanangu.

Zaboka akawatazama mmoja mmoja.

— Wakipiga simu kumuulizia Alcide Royer, semeni yupo. Semeni yuko hai.

— Tutasema — alisema Rubani.

Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: "Alcide Royer. Mkabala na bomba la maji, Anse Moulin. Siku andika zote watakazokupa. Ukifika, niite utakavyoweza."