Mbolezi ya Diamando Karveli

Baba Padri, ndugu wa ukoo wa Karveli, majirani wa Mavropetra na wageni mliotoka Athene na mbali zaidi, familia imemkabidhi Mersini, binti wa Mzee Lambro, kazi ya kuisoma historia hii ya shangazi yake, naye ataisoma yote kama ilivyo, pamoja na zile sehemu ambazo baadhi yenu mngependa zirukwe, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, akasema kwamba mtu akithubutu kumpaka sukari siku ya maziko yake, ataketi kitako ndani ya jeneza na kumsahihisha.

Kuna jambo linalowakaa rohoni tangu asubuhi, afadhali lisemwe mapema. Marehemu aliomba azikwe hapa, kando ya baba yake, na asiimbiwe na mtu yeyote, hata nyinyi wasanii wakubwa mliopanda mabasi kutoka Athene, mpaka kaka yake aanze yeye, na kaka yake akikataa basi azikwe kimya. Nyote mmeona kwamba Mzee Lambro ameketi pale mbele mikono mitupu, klarineti yake hakuja nayo, na minong'ono imeshafika mpaka langoni. Familia inawaomba mvumilie hadi mwisho.

Marehemu Diamando Karveli alizaliwa tarehe 8 Septemba 1945 hapa Mavropetra, katika nyumba iliyo juu ya kisima, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Zisi Karveli, mwashi wa mawe na mpiga klarineti, na marehemu Kaliroi, ambaye wazee waliopo wanakumbuka kwamba hakuna maiti iliyotoka kijijini humu bila mbolezi yake, ule wimbo wa kumlilia aliyekufa. Baba alimfundisha Lambro klarineti, mama akamfundisha Diamando kuimba, na jioni za baridi wote wanne walikaa karibu na jiko wakifanya mazoezi, kaka akimkaripia mdogo wake, "Unavuta pumzi mahali pabaya, we mtoto, ningoje mimi nimalize," naye akimjibu, "Basi maliza, unanikawiza." Mama aliwaambia wote wawili kwamba mbolezi haiimbwi mtu akiwa na hasira, na kwamba siku ya kumlilia baba yao kazi hiyo itakuwa ya binti, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwetu, mwana hupiga na binti hulia.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1951 hadi 1957, kisha akaenda sekondari ya Konitsa kwa miaka miwili, ambako kwa maelezo yake mwenyewe alijifunza kushona na kutoroka. Mwezi Machi mwaka 1963 alishuka Athene pamoja na kaka yake, akapata kazi kwenye karakana ya kushona mashati, na jioni akawa anaimba katika mgahawa mmoja mtaa wa Peristeri, Lambro akiwa ubavuni kwake na klarineti, mpaka mwaka 1968 alipotoa santuri yake ya kwanza, na baada ya hapo hakushika sindano tena isipokuwa kwa kupenda. Aliimba Pireo, aliimba Salonika, aliwaimbia wafanyakazi wetu kule Ujerumani ambao walilia mpaka wakasahau zamu zao, na watu walimrushia maua mengi kiasi kwamba alipokuwa anashuka jukwaani ilibidi ashikwe mkono asiteleze. Kaka yake hakuupenda umaarufu ule hata siku moja. Alisema maua yanaingia kwenye klarineti.

Tarehe 7 Juni 1970 marehemu alifunga ndoa na marehemu Anesti Kehaya, mpiga ala ya nyuzi ya buzuki, mtu mpole aliyekuwa akichelewa kila mahali isipokuwa jukwaani, nao walijaliwa watoto wawili, Thalia, aliyezaliwa mwaka 1972 na ambaye yuko nasi hapa, na Zisi, aliyezaliwa mwaka 1975 akapewa jina la babu, anayeishi Melbourne na ambaye ndege yake imetua Ioannina leo alfajiri. Bwana Anesti alitangulia mbele ya haki mwaka 2009. Mama Kaliroi alikuwa ametangulia zamani, mwaka 1976, na Lambro alirudi kijijini mwaka 1979 na familia yake ili amtunze baba aliyebaki peke yake.

Sasa tunafika mwaka 1983, na familia inaomba asitoke mtu.

Mzee Zisi alifariki asubuhi ya tarehe 31 Desemba 1983. Lambro alimpigia simu mdogo wake, naye akaondoka Athene saa ile ile na mumewe kwa gari, wakapanda hadi mlima Katara, na hapo theluji ikawafungia njia mbele na nyuma, wakalala kwenye kibanda cha watu wa kusafisha barabara, simu zimekatika, hakuna aliyejua waliko. Huku nyumbani baba alilazwa sebuleni, jeneza wazi, mishumaa inawaka, wanawake wamekaa pande zote wakimsubiri binti aje aanze kulia, kwani hakuna mwingine aliyekuwa na haki ya kuanza. Jioni ile watu waliokwenda kuota moto kwenye duka la kahawa la Kosma waliwasha televisheni, na kwenye kipindi cha kuukaribisha mwaka mpya akatokea Diamando Karveli, gauni jekundu, anaimba wimbo wa kucheza, anacheka, anarushiwa maua meupe. Kipindi kile kilikuwa kimerekodiwa tarehe 6 ya mwezi ule ule, siku ambayo Mzee Zisi alikuwa mzima anapasua kuni, lakini hapa Mavropetra tuliamini kwamba kinachoonekana kwenye kile kisanduku kinatokea wakati ule ule, na mtu mmoja, ambaye Mungu amemsamehe, alikimbia hadi kwenye nyumba ya msiba akasema mbele ya wote, "Lambro, acha kumngoja mdogo wako. Yuko kwa Kosma, kwenye televisheni, anacheza."

Lambro alivuka theluji bila koti, akasimama mlangoni kwa Kosma, akatazama wimbo wote hadi mwisho. Aliporudi aliweka mkono juu ya kifua cha baba yake na kusema, "Mnanisikia nyote. Klarineti yangu haitapigwa kwa ajili yake tena, akiwa hai wala akiwa amekufa." Tarehe 2 Januari Mzee Zisi Karveli, aliyewapigia watu wa vijiji saba harusi zao na misiba yao, alizikwa bila mbolezi na bila klarineti, watu wanasikia udongo tu.

Marehemu alifika tarehe 3, kwa miguu kutoka darajani, amevaa nguo nyeusi za kuazima na viatu vya mjini vilivyolowa vikafumuka. Kaka yake alikuwa kizingitini.

"Nilikuwa Katara, kaka," alisema. "Theluji mpaka madirishani. Umeshamzika?"

"Tumekuona kwa Kosma."

"Kile kipindi tulikirekodi siku ya Mtakatifu Nikola. Muulize Anesti, muulize unayemtaka."

Lambro aliangalia vile viatu vya mdogo wake vilivyofumuka, na wote waliokuwapo walijua kwamba amemwamini papo hapo. "Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nikuambie nini? Kwamba nitatokea kwenye televisheni? Ungesema najisifu."

"Ningesema, ndiyo." Kisha akasema, "Nimeshaapa, Diamando. Juu ya baba."

Wageni wetu wa Athene huenda mkaona ni jambo dogo, kosa limejulikana, watu wakumbatiane yaishe, lakini kwetu neno lililosemwa na mkono ukiwa juu ya maiti, jeneza halijafunikwa, mwenye kukifungua kiapo hicho ni yule maiti, naye ameshazikwa. Padri aliyekuwapo wakati ule alijaribu kumfungulia Lambro, akamsomea sala, lakini Lambro akamwambia kwa heshima zote kwamba yeye hakumwapia padri. Basi ikawa hivyo. Hawakugombana, hawakutukanana, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya, kwa sababu ugomvi una mwisho. Kaka aliona aibu kumtazama mdogo wake, na mdogo hakuweza kumlazimisha kaka yake avunje kiapo, kwa hiyo kila mmoja akakaa upande wake na uchungu wake, marehemu akiimba Athene na wapiga klarineti wengine, ambao aliwafukuza mmoja baada ya mwingine akisema kwamba hawajui anapovutia pumzi.

Tarehe 30 Septemba 1989 mifupa ya baba ilifukuliwa ili ioshwe kwa divai na kuwekwa pamoja na ya mababu, kama tunavyofanya kwa kila mtu. Walisimama pande mbili za kaburi. Wanawake walinyamaza, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba hii ndiyo nafasi ya pili na ya mwisho ya kumlilia mzee, na marehemu akavuta pumzi, pale pale ambapo klarineti ingeanza, na kaka yake akafunika uso kwa mikono miwili akaondoka hadi kwenye mti ule wa mvinje ulio kando ya ukuta. Marehemu aliiachia ile pumzi bila sauti, akapiga magoti, akaosha fuvu la baba yake kimya. Baadaye jikoni alisema, "Ningeanza, angepiga. Klarineti alikuwa nayo ndani ya koti, niliiona. Halafu angeishije?"

Tangu siku ile hakuiimba mbolezi ya mama yake mahali popote. Wenye studio walimwomba, walimbembeleza, akawajibu kwamba hiyo ina mwenyewe.

Mwezi Machi mwaka 2017 marehemu alianza kukohoa damu, na madaktari wa Athene wakamkuta na uvimbe kwenye mapafu, akatibiwa kwa muda wa mwaka na nusu, na alipoona matibabu yanachosha kuliko ugonjwa alirudi hapa mwezi Oktoba mwaka 2018, akakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya baba yake, Mzee Lambro akiwa chini. Wazee wawili, ngazi moja, na aliyechakaa kwa kupanda na kushuka ni huyu anayewasomea. "Mwambie baba yako moshi wa jiko lake unanimaliza kabla ya wakati," alisema wa juu. "Mwambie shangazi yako afunge dirisha, si lazima dunia nzima imwone," alisema wa chini. Kila asubuhi kuni zilikuwa zimepangwa kwenye ngazi, na kila Jumapili pai ya mboga za majani ilishuka kwenye sahani ya mama yao, na hakuna aliyetaja kuni wala pai.

Tarehe 20 Januari mwaka huu daktari alisema muda umebaki mfupi, na siku hiyo Mzee Lambro alipanda ngazi, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, kofia mapajani.

"Umekuja kunipigia?" marehemu aliuliza.

"Siwezi. Nimeapa." Akafungua kinywa na kumwonyesha. "Na hata ningetaka, tazama. Meno yalishang'olewa yote. Haya ya bandia hayashiki klarineti, inatoa sauti ya bata. Mwaka wa tatu huu, nimewaficha watu."

Marehemu alicheka mpaka tukaogopa. "Nimekungoja umri mzima ulegee," alisema alipopata pumzi, "kumbe meno yamelegea kwanza." Kisha akageuza uso ukutani akalia, na akasema waziwazi kile alichokuwa akikiogopa, kwamba atashushwa kama alivyoshushwa baba, kwa sauti ya udongo tu.

Mzee Lambro aliigeuza kofia yake mara nyingi, akauliza, "Mimi niliapa nini hasa?"

"Kwamba klarineti yako haitapigwa kwa ajili yangu."

"Kinywa sikukitaja."

"Kaka, wewe huwezi kuimba. Hujawahi. Una sauti ya kunguru."

"Basi nifundishe."

Ndugu waombolezaji, akamfundisha. Nyinyi mliopita chini ya dirisha mwezi ule mkasikia mtu anapiga kelele za ajabu mkadhani mgonjwa amezidiwa, hamkumsikia mgonjwa, mlimsikia Mzee Lambro Karveli, mwenye umri wa miaka sabini na saba, akijifunza mbolezi ya mama yake, kazi ya binti, ambayo hakuna mwanamume wa ukoo huu aliyewahi kuifanya, na mdogo wake akimkatisha kutoka kitandani na hewa ya mtungi puani, "Unavuta pumzi mahali pabaya, we mzee." Marehemu alifariki tarehe 11 Februari 2019 saa sita mchana, nyumbani, madirisha wazi kama alivyopenda, kaka yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Athene na wa Ioannina waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopasua kuni na kuondoa theluji ili gari la wagonjwa lipite, Baba Padri, na nyinyi wasanii wenzake mliokubali kukaa kimya hadi sasa, jambo ambalo tunajua si rahisi kwenu. Mkiona Mzee Lambro anainuka na kiti cha mbele kinabaki kitupu, msishangae, na msimcheke, hata sauti ikikatika. Anaimba mbolezi ya watu wawili, ya dada yake na ya baba yao aliyeikosa.

Lala, shangazi, umefika nyumbani na husindikizwi na udongo. Baba, inuka, wanakungoja.