Erastus Nzai Ruwa, Aliyepoza Chumba cha Kompyuta Changamwe

Marehemu Erastus Nzai Ruwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 kijijini Jaribuni, Kilifi, akiwa kifungua mimba wa mzee Ruwa Nzai na mama Kanze. Alikuwa mtoto wa kupenda vivuli. Mama yake husema alipotumwa kuchunga mbuzi, mbuzi ndio waliomchunga yeye.

Alisoma hapo kijijini hadi darasa la saba, mwaka 1964, kisha baba akafariki na shule ikaishia hapo. Akaja Kisauni kwa fundi Jaffar kujifunza kutengeneza friji. Jaffar alimfundisha jambo ambalo hakulisahau: huku pwani chumvi ya bahari huula mtambo wa baridi kwa upande wa nje, na usipooshwa kwa maji matamu, hauna maisha.

Mwaka 1984 kampuni moja ya mizigo huko Changamwe ilimwajiri kupoza chumba chake cha kompyuta. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alipanda juu ya paa na mtungi wa maji. Akivuka feri na sweta mkononi mwezi wa Januari, watu walimcheka, naye akacheka nao. Jumapili baada ya ibada alipitia mochari moja ya huku kwetu pwani akaosha mtambo wao pia, bila kuombwa. Alisema maiti hawezi kulalamikia joto.

Tarehe 6 Desemba 1975 alimwoa Dorcas Nyamvula, wakajenga Bofu, ng'ambo ya feri, wakajaliwa Kafedha na Randu. Nyumba ya fundi wa baridi haikuwa hata na feni. Kafedha alipolia kwa joto, baba yake alimpepea kwa kipepeo cha ukindu, na mara nyingi mpepeaji ndiye aliyetangulia kulala.

Mwaka 1996 kazi ilizidi, na Bwana Stambuli, msimamizi wa kompyuta, akazilazimisha mashine ziende mbio kuliko zilivyoundwa. Zikachemka. Marehemu aliulizwa kama ataweza kuzipoza, akajibu ataweza. Jibu hilo ndilo tunalolilia leo. Alitoka kwenye baridi kali akapanda juani, akarudi ndani na jasho lake, mwaka mzima, mpaka kifua kikambana. Oktoba 1997 alilazwa kwa homa ya mapafu. Kafedha, aliyeolewa Kitale, alipiga simu kwamba anakuja, na baba yake akatuma jibu kwamba atamngoja.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba, Stambuli aliingia wodini.

"Shikamoo, mzee. Mashine zimezimika kwa joto, na meli iko gatini."

"Marahaba. Juu mmeosha?"

"Hatujaosha."

Dorcas akamshika mumewe mkono. "Baba Kafedha, vile vyuma vina wenyewe. Wewe una mtoto njiani."

"Narudi sasa hivi, mama."

Alikwenda. Mashine zikafanya kazi, naye akarudishwa hospitali amebebwa. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 1997. Kafedha alikuwa amekwama Mtito Andei, mvua imekata barabara.

Tulipanga kumzika Jumamosi ili mwanawe amwone uso. Jana mochari, ile ile aliyokuwa akiipitia Jumapili, wakatuita: mtambo wao umeharibika, umeliwa na chumvi. Tangu marehemu augue, hakuna aliyeuosha. Ndiyo maana tunamzika leo Jumatano, na Kafedha bado hajafika. Tumekasirika, wala hatuoni sababu ya kuficha. Tangu asubuhi shemeji Dorcas ameketi kando ya jeneza akimpepea kwa kipepeo kile kile. Tumemwomba aupumzishe mkono. Anatujibu, "Mtoto yuko njiani."

Marehemu ameacha mama yake Kanze, mjane Dorcas, watoto Kafedha na Randu, nami mdogo wake, Jefwa, ninayewasomea haya. Mungu amlaze penye baridi, maana sisi tumeshindwa.