Bi. Nélida Hakwenda Tena Baharini

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Nélida Szwarc amefariki. Yule tabibu wa nafsi wa mtaa wa Villa Crespo, hapa Buenos Aires, Bi. Nélida, ametutoka Jumanne hii. Ametutoka mwezi wa Februari, na aliyemjua anajua uzito wa mwezi huo.

Alikuwa mtoto wa kinyozi. Akitoka shule, anafagia nywele dukani kwa baba yake, mzee Jaime. Kazi ya kusikiliza watu aliijulia pale, kabla ya chuo kikuu. "Binti yangu," mzee alikuwa akimwambia, "mtu ukimkazia macho atakudanganya. Wewe shughulika na kisogo. Atasema yote." Basi Bi. Nélida hakuwalaza watu kwenye kochi kama wenzake. Aliweka viti viwili kandokando, vyote vikitazama dirishani. Anachemsha maji, anampa mgeni kibuyu cha mate, ile chai yetu ya majani machungu, ananyamaza. Wenzake walimcheka. "Nélida, hiki ni chumba cha tiba au kituo cha basi?" Naye huwajibu, "Mmewahi kusikiliza watu wanavyoongea kituoni?"

Sasa niseme lililo zito. Februari joto likikolea, matabibu wa nafsi wa Buenos Aires hufunga milango, wakaenda baharini kwa likizo. Ni desturi yetu. Wagonjwa husubiri Machi. Mwaka mmoja, enzi za utawala wa kijeshi, Bi. Nélida akiwa bado kijana, mgonjwa wake mmoja, fundi wa treni aitwaye Aníbal alisimama mlangoni pake akiwa anaaga. Mdogo wake Aníbal alikuwa amechukuliwa na wanajeshi, hajulikani aliko. Akauliza, "Na nikitaka kuongea, daktari?"

Bi. Nélida akamjibu kama alivyofundishwa. "Hilo tutaliongea Machi."

Aníbal hakufika Machi. Alijiua. Habari zilimkuta Bi. Nélida ufukweni Mar del Plata, miguu ina mchanga.

Tangu hapo hakwenda tena baharini. Narudia, wasikilizaji wapendwa: Bi. Nélida hakwenda tena baharini. Kila Februari mlango wake ulikuwa wazi, hata kwa wagonjwa wa wenzake.

Lakini alikuwa na mtoto. Binti yake, Débora, anauza vitambaa. Aliniambia bila kuuma maneno: "Bahari nilionyeshwa na shangazi. Wageni wana mama yangu, mimi nina ndoo na mchanga. Nikamwambia, 'Mama, huyo mtu ameshakufa. Mimi niko hai.' Akanikumbatia. Kengele ikalia, akaniacha, akaenda kufungua."

Mimi nasema Débora ana haki ya kusema hivyo. Februari zote zile hazikumrudisha Aníbal. Labda ziliwaokoa wengine, hatujui. Tunachojua ni kwamba kuna mtoto aliyekua akimngoja mama yake, na mama yuko hai, yuko chumba cha pili.

Jumatano walimzika. Alhamisi Débora alikuwa amekaa matanga nyumbani kwa mama yake, vioo vimefunikwa kwa desturi ya Wayahudi, na kengele ikalia. Mlangoni amesimama mama mmoja mtu mzima, jasho linamtiririka. Hakuwa na habari za msiba.

"Nilitaka kumfukuza," Débora aliniambia. "Nilikuwa na hasira hata na hiyo kengele. Nikamwambia, 'Mama yangu amefariki. Mimi nauza vitambaa, sijui kitu.' Akaomba radhi. Akageuka. Halafu akaniuliza, 'Basi nisubiri Machi?'"

Hapo Débora alikunja kitambaa alichoshika, akaendelea.

"Nikamwambia ingia. Nikaweka maji jikoni. Tukakaa kwenye vile viti, tunatazama dirishani. Sikuwahi kukaa pale maisha yangu yote. Yeye alilia kwanza. Mimi nikafuata."

Débora, pokea pole zetu, kwa mama uliyemzika na kwa mama uliyemkosa. Pole kwa ukoo wote wa Szwarc na kwa wote waliokaa kwenye kiti kile. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mfikirieni yule mtu mliyemwambia mtaongea naye mkipata nafasi. Mimi ninaye wangu. Nikizima kipaza sauti hiki nakwenda kugonga mlango wake, maana Machi bado mbali.