Jozi Zinazokaa Mbali

Tangu basi letu litoke Nachingwea, mama mmoja wa Ruponda alikuwa akihamisha begi kutoka paja hili kwenda lile, hadi nikachoka mimi niliyekaa nyuma yake. "Nguo za Sadiki, mume wangu," akamwambia kijana wa chuo kikuu aliyekaa naye. "Alihamia kwetu, kama desturi yetu, mume humfuata mke. Sasa amerudi kwa kaka yake, kule kijijini Likunja. Nampelekea, yaishe."

Mwingine angesema pole. Kijana akaeleza utafiti wake: ndani ya kiini cha atomu, chembe huungana mbili mbili. "Katika hali nyingine, mama, zinakaa mbali, katikati yake kumejaa chembe nyingine, na bado ni jozi."

"Umeziona?"

"Hapana. Tunapiga hesabu tu."

"Hata mimi napiga hesabu tu." Akafungua zipu, akaifunga. "Haziachani?"

"Joto likizidi, zinaachana."

Mama akaguna. "Basi joto la kwetu nalijua. Ni mama yangu mzazi. Alimsimanga mume wangu hata kwa chumvi anayokula."

"Sasa utamwambia nini?"

"Nani? Sadiki au mama?"



Gari likasimama Likunja. Dereva akafungua mlango, akanyoosha mkono apokee begi. Mama akalikumbatia kwa mikono miwili. Hakushuka, wala hakusema twende.