Amina ya Rhyd-eithin

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, na aliyebandika chai apunguze moto. Leo tunamkumbuka Gwenllian Prosser, mtunza stesheni ya Rhyd-eithin, huku kwetu Wales. Stesheni hiyo iliishi miaka mitatu. Mitatu tu! Nina sufuria iliyoishi zaidi.

Ilifunguliwa mwaka 1863. Gwenllian, mjane, alipewa kazi pamoja na chumba nyuma ya stesheni. Kazi ikiondoka, chumba nacho kinaondoka. Treni ilisimama pale alipoipungia bendera tu, kama kuna abiria jukwaani.

Mwaka 1866 ikaja barua. Mkaguzi atapita Jumatatu, kwa treni ya saa nane mchana. Asipokuta abiria, stesheni inafungwa. Kijiji kizima kikaapa.

"Tutajaa mpaka tusukumane, Gwen," alisema Marged, binamu yake.

Lakini Jumatatu ile ilikuwa siku ya shukrani ya mavuno. Saa nane kasoro robo, jukwaani alikuwepo Gwenllian na mbuzi mmoja. Akatoka mbio hadi kanisani. Mchungaji Eliseus alikuwa katikati ya sala, na huku kwetu hanyanyuki mtu kabla ya amina. Hata paa liungue.

Akachuchumaa nyuma ya Marged. "Dada, treni inakuja!"

"Shii! Anaomba."

"Njoo usimame tu!"

"Nitoke mimi wa kwanza? Mama mkwe yule pale, ananikodolea!"

"Anamaliza lini huyu?"

"Ndiyo kwanza kafika kwa Musa. Na anaiombea stesheni yako, Gwen. Utamkatiza?"

Gwenllian alirudi peke yake. Akapunga bendera hivyo hivyo. Treni ikasimama, mkaguzi akachungulia dirishani.

"Abiria wako wapi, mama?"

"Kanisani, bwana. Wanaiombea stesheni."

Mkaguzi akamtazama mbuzi. Akaandika kidogo. Treni ikaondoka.

Ndipo amina ikavuma bonde zima, na kijiji kikaja mbio, kofia mikononi, kuukuta moshi.

Miaka mitatu tu, wapendwa. Kitukuu wake, Nesta, ananiambia: "Bibi hakumlaumu mtu. Alisema tu hajapata kusikia amina nzuri kama ile, naye akifunga virago."

Ukoo wa Prosser, poleni sana. Najua nimechelewa miaka mia na ushee. Nasi wengine tujiulize: tukishafumba macho wote, jukwaani tumemwacha nani?