Msomaji Asiyejua Mwisho

Eneida Valladares, msomaji wa kiwanda chetu cha sigara, anayetusomea kwa sauti tukiwa kazini, aliiambia kamati ya usomaji Alhamisi iliyopita kwamba hajui riwaya inayosomwa sasa itaishaje, na kwamba hana nia ya kujua kabla yetu. Anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Februari, baada ya miaka thelathini na minne jukwaani. Siku hiyo kitabu kitakuwa kimebakiza sura sita.

Kauli hiyo ilizua ubishi. Hapa Pinar del Río, Kuba, msomaji humaliza alichokianza, na jioni husoma nyumbani sura ya kesho ili asikwame mbele ya ukumbi mzima. Osvaldo Pedroso, mwenyekiti wa kamati, alimuuliza kama anaumwa. Eneida alisema haumwi. Tangu Krismasi, akishamaliza sura ya siku, hukifunga kitabu na kukiacha pale pale mezani.

Alianza kama mchambuzi wa majani ya tumbaku. Mwaka 1991 msomaji wa zamani alipopoteza sauti, watu watatu walijaribiwa mbele ya wasokotaji. Wenzake wawili walisoma mashairi. Eneida alisoma gazeti la siku hiyo, likiwa na habari ya timu yetu ya besiboli kufungwa vibaya, na ukumbi ulimsikiliza hadi mstari wa mwisho ingawa kila mtu alikuwa ameshaona mchezo. Alishinda kwa kura nyingi. Miaka ile umeme ulikatika kila mara na kipaza sauti kikawa pambo tu. Alisoma kwa koo lake, na waliokaa nyuma kabisa hawakuwahi kulalamika.

Tangu hapo ratiba yake haijabadilika: gazeti asubuhi, riwaya baada ya chakula cha mchana. Riwaya huchaguliwa na wasokotaji kwa kura. Wakipendezwa, hugonga mbao zao kwa vile visu vya kukatia majani. Wakichukia, huviangusha sakafuni. Eneida aliangushiwa visu mara moja tu. Orlando Baños wa safu ya tatu alikuwa amemzika mkewe wiki hiyo, na riwaya ilikuwa imefika mahali ambapo mke wa shujaa anakufa. Eneida aliruka kurasa. Ukumbi uligundua mara moja, kwa sababu mgonjwa aliyekuwa kitandani hakutajwa tena. Visu vilipoanguka, Orlando ndiye aliyesimama.

"Soma, dada," alisema. "Wa kwangu nilimuona. Na huyu nimuone."

Akasoma. Orlando alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa na kuendelea kusokota.

Yanayosikika mchana hapa huenda nyumbani na watu. Hilario Menocal, anayepanga sigara kwa rangi, huchora nyuso za wahusika kwenye vifuniko vibovu vya masanduku ya mwerezi. Ukutani kwake zipo zaidi ya arobaini, na ubishi juu ya pua za baadhi yao umevunja urafiki. Msokotaji mmoja alimpa binti yake jina la mwanamke wa riwayani, akaja kujuta sura ya ishirini. Eneida aliombwa mara nyingi aamue kuhusu pua hizo. Alikataa kila mara.

Kiwanda kilipotimiza miaka mia, mpigapicha alitaka wafanyakazi wote waonekane, akapanda kwenye jukwaa la Eneida. Picha hiyo sasa iko mlangoni. Kila mmoja wetu yumo, akitazama jukwaa. Eneida hayumo, alikuwa nyuma ya kamera, amemshikia mpigapicha mkoba.

Ipo pia desturi ya chakula cha mchana, ambayo wageni hudhani ni ugomvi. Mwenye kujua yajayo kitabuni hali meza moja na wasioyajua. Norma Luz Iglesias, msokotaji wa safu ya tatu, ndiye aliyemweleza Eneida mwaka wake wa kwanza.

"Mwenzangu, usinione mbaya, ila nenda kale kule. Ukikohoa tu, nitajua nani kafa."

Eneida akachukua sahani yake ya wali na maharage meusi, akahamia meza ya dirishani. Amekula hapo hadi leo. Wakati wenzake wakibishana kama bwana harusi ni mwongo, yeye alikuwa akitazama ua wa kukaushia majani. Tangu mumewe Lázaro afariki na binti yao ahamie Tampa, Marekani, jioni pia hula peke yake. Mwaka jana, likizoni, alijaribu kujisomea riwaya kimyakimya. Aliiacha ukurasa wa pili. Alimwambia Osvaldo kwamba macho yalikuwa yanakwenda juu ya mistari, lakini hakukuwa na mtu wa kugonga kisu.

Alhamisi hiyo hiyo, Osvaldo alimtaka aeleze mbele ya ukumbi kwa nini anavunja desturi. Eneida alijibu bila kipaza sauti.

"Kitabu kimoja tu. Nataka nile na nyie kitabu kimoja."

Norma Luz hakuridhika haraka. Alimsogelea, akamuuliza kama yule fundi saa wa riwayani atarudi kwa mkewe. Eneida alisema hajui. Norma Luz alimkazia macho.

"Hajui kweli," aliwatangazia wenzake. "Uso wake mjinga kama wetu."

Visu viligonga mbao hadi mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna nini.

Kwa niaba ya kiwanda, tunamshukuru Eneida kwa sauti yake, na tunamwombea afya na mchana mrefu wa kubishana. Kibali chake cha kuingia kama msikilizaji kimeshatolewa. Sura ya thelathini na moja itasomwa Jumatatu, tarehe 3 Machi, na msomaji mpya, Yoandri Cuní. Eneida atakula katika meza ya Norma Luz. Yoandri, ambaye ameshakisoma kitabu hadi mwisho, atakula dirishani.