Mama Chanuo Anastaafu, Kigoda Kimebaki Kwangu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika shule yetu ya msingi, mhudumu wetu mkuu, ambaye watoto na wazazi wote humwita Mama Chanuo, anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe 31 Oktoba. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye karani, na kila karatasi inayotoka hapa shuleni hupitia mikononi mwangu. Sababu ya pili ni kwamba kuanzia Jumatatu kigoda chake kinakuwa changu. Wenzangu wamenipongeza sana. Mimi wiki nzima sijalala vizuri.

Kwa wageni waalikwa ambao hawajui kigoda hicho ni kipi, nitaeleza. Mama Chanuo aliajiriwa kufagia. Mkataba wake mpaka leo unataja ufagio, ndoo na vyoo. Habari za nywele hazimo. Lakini wakati anaanza kazi, sheria ya getini ilikuwa kali. Msichana aliyefika nywele hazijafungwa alirudishwa nyumbani, na wasichana waliiogopa kengele ya asubuhi kuliko mtihani. Siku moja, akifagia nyuma ya tangi la maji, alimkuta mtoto amejikunyata, nywele zimemsimama. Mama yake mtoto alikuwa ameamka na homa, na nyumbani hakukuwa na mwingine wa kumfunga nywele. Mama Chanuo aliweka ufagio chini, akazilowesha zile nywele kwa maji ya bomba, akazikusanya juu ya utosi na kuzifunga kwa uzi aliouchomoa kwenye dekio jipya la shule. Mtoto aliingia mstarini kengele ikiwa bado inalia. Kesho yake nyuma ya tangi palikuwa na foleni.

Mwalimu mkuu wa wakati huo aliliona dekio limenyonyoka, akauliza, akaambiwa ukweli, akaondoka. Wiki iliyofuata Mama Chanuo alipewa stoo ya vifaa vya usafi, ile iliyo kati ya geti na ofisi yangu. Ndani yake hadi leo kuna mafagio, ndoo, harufu ya sabuni, kioo chenye ufa kilichotundikwa kwenye msumari, kopo la mafuta, chupa ya maji yenye mfuniko uliotobolewa matundu, na kigoda kimoja cha mbao. Sheria ya getini ilishalegezwa zamani. Foleni haijawahi kulegea.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hao hawakuwa na watoto wa kuwahisha shule. Mama Chanuo aliamini haraka ina baraka zake kama mkono unajua unachofanya. Hachani nywele kavu. Huzinyunyizia maji kwanza, akapaka mafuta kidogo, kisha huanza kuchana nchani akipanda kwenda kwenye shina, ili fundo lifunguke badala ya kukatika. Vibanio vyake vyote amevivika uzi wa sufu visikate nywele. Na mitindo yake ina majina ambayo hayapatikani saluni yoyote. Kengele Imelia ni kile kibutu kimoja, fungu la nywele lililofungwa utosini, cha mtoto aliyefika akihema. Mama Kalala ni vibutu viwili vya chini, karibu na masikio, vinavyoficha kila kitu ambacho hakikuchanwa tangu juzi. Kwa wanaowahi hubaki twende kilioni, mistari inayorudi nyuma moja kwa moja, na hao huwaambia wamekuja kama wageni wa heshima.

Wazazi nao wamepita kwenye kigoda hicho. Wapo watakaomkumbuka fundi wa magari aliyebaki na binti yake baada ya kufiwa na mke. Alimleta mtoto nywele zimefungwa kwa waya wa umeme na kuzungushiwa utepe mweusi wa mafundi. Kazi ilikuwa imara. Ilibidi itolewe kwa koleo. Yule baba alisimama mlangoni jasho linamtoka, akasema, "Mama, gari ukilikosea linazima. Huyu analia." Mama Chanuo alimfundisha wiki mbili mfululizo, naye siku hizi husifiwa mtaani kwa vibutu kuliko kwa injini. Binti yake sasa ni mwalimu wa wanafunzi wa awali hapa hapa.

Lakini jambo lililomfanya awe Mama Chanuo si mtindo. Kabla hajagusa kichwa chochote, humpa mtoto chanuo alishike mwenyewe. Kisha anasubiri. Mtoto akilirudisha mkononi mwake, kazi inaanza. Asipolirudisha, haianzi, hata kengele ilie mpaka ipasuke. Nimemwona akisubiri hivyo geti likifungwa, mwalimu wa zamu akipiga kelele, foleni ikisukumana, na yeye ametulia kama mtu asiye na saa. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba kichwa kina mwenyewe.

Hapo ndipo naanza kuogopa, kwa sababu hapo ndipo anapoingia Bibi Mdogo.

Bibi Mdogo ni mwanafunzi wa darasa la pili. Mama Chanuo ndiye aliyempa jina hilo kwa vile anavyotembea taratibu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mwaka jana, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, shangazi yake alimsuka rasta. Waliosuka wanajua zinavyomaliziwa: ncha huchovywa kwenye maji ya moto zisifumuke. Sufuria ilikuwa nyuma ya mtoto, juu ya kiti. Iliteleza. Maji yalimshukia nyuma ya sikio hadi shingoni. Shangazi hakukusudia, na tangu siku hiyo hajamsuka mtu yeyote.

Mtoto alitoka hospitali na kovu, na hofu kubwa kuliko kovu. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu hakushtuka tu, alikimbia. Mkono wowote ukienda nyuma ya kichwa chake, hata wa mama yake mzazi, alipiga mayowe hadi akakosa pumzi. Wapo waliosema anyolewe yaishe. Lakini mashine ya kunyolea nayo hupita kisogoni, na kipara kingeliacha kovu wazi, jambo ambalo mtoto aliliogopa zaidi. Watoto wenzake walikuwa wameshamcheka mara moja. Vibutu viwili vya chini vikifungwa vizuri, kovu halionekani, naye huingia darasani. Visipofungwa, hukaa chini karibu na geti, kiganja kimefunika sikio, na hakuna awezaye kumwinua.

Mama Chanuo alitumia karibu muhula mzima. Alimketisha kigodani wakitazamana uso kwa uso, asimpe kisogo. Alimkabidhi chanuo, akasubiri. Siku za mwanzo mtoto alilishika mpaka kengele, akaliweka juu ya ndoo, akaondoka. Kisha asubuhi moja Bibi Mdogo alilirudisha mkononi mwake, akafumba macho. Mimi nilikuwa nachungulia kutoka ofisini, na sioni haya kusema nililia kwenye barua za Wizara.

Sasa mnaelewa kwa nini habari za kustaafu zilininyima usingizi. Mwalimu mkuu alitazama huku na huko akitafuta wa kurithi kigoda, macho yake yakaniangukia mimi, kwa kuwa ofisi yangu na stoo hutenganishwa na ukuta mmoja. Siku iliyofuata mama yake Bibi Mdogo, ambaye huingia zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha mikate, alikuja dirishani kwangu na nguo zake za kazi. "Dada karani," aliniambia, "huyu Mama akistaafu, na mwanangu kastaafu. Mimi nimeshajaribu. Siwezi kumvuta akilia kila siku." Nilimjibu kwamba asiwe na wasiwasi. Kisha nilikwenda chooni nikakaa huko na wasiwasi wangu.

Nimejifunza, sikatai. Mama Chanuo amenisimamia mwezi mzima. Kengele Imelia naiweza, Mama Kalala naiweza mtoto akitulia, ingawa mmoja wa darasa la nne aliniambia navuta kama nang'oa magugu. Jumatatu ya wiki hii Mama Chanuo alijitoa nje kwa makusudi, akamwachia Bibi Mdogo aingie peke yake. Nilimpa chanuo kama nilivyofundishwa. Alilipokea. Aliniangalia mikono, nami nikaificha mgongoni. Kisha akainuka, akatoka nalo, akaenda kukaa getini na kiganja sikioni. Tulimwita mama yake akaja kumchukua. Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Chanuo nalo halikurudi.

Jumatano hiyo nilimsihi Mama Chanuo aende akamsuke yeye, angalau mara ya mwisho. Nilimkuta dirishani, kashika ndoo tupu. "Nikimsuka mimi leo, Jumatatu atasukwa na nani?" aliniuliza. Halafu alisema kitu ambacho sikutarajia kwa mtu niliyemdhani haogopi chochote. Alisema anaogopa kumwacha yule mtoto, na anaogopa vilevile Jumatatu yake mwenyewe, atakapoamka gizani kama alivyozoea, avae, kisha akumbuke hakuna anayemngoja. "Hii mikono nitaifanyia nini?" alisema. Kisha akaenda kuijaza ile ndoo. Alhamisi ikapita, kigoda kitupu.

Wasifu huu ulipaswa kubandikwa ubaoni jana jioni. Niliushikilia, kwa kuwa sikujua niumalizie vipi, na karani ana faida moja duniani: hakuna wa kumharakisha. Nauandika mwisho wake sasa hivi, sherehe ikiwa karibu kuanza.

Leo asubuhi Bibi Mdogo aliletwa na mama yake aje kumuaga Mama Chanuo. Aliingia stoo akanikuta mimi, chanuo analo mkononi. Nilisogea nimpishe kigoda. Hakukaa. Alinionyesha kigoda kwa kidole, akasema, "Kaa wewe kwanza."

Naomba ieleweke kwamba nilikuwa nimetoka saluni jana. Nilikaa chini ya kikaushio jioni nzima kwa ajili ya sherehe hii, na nywele zangu zilikuwa zimelala sawasawa, zinang'aa. Nilikaa hivyo hivyo. Bibi Mdogo akaniwekea chanuo kiganjani, akasimama mbele yangu na mikono nyuma, akasubiri.

Sikutegemea kuogopa. Mtoto wa darasa la pili angenifanya nini? Lakini nililishika lile chanuo na sikutaka kulitoa, na si kwa sababu ya saluni peke yake. Mwishowe nilimrudishia. Akazunguka nyuma yangu. Sikumwona tena, nilisikia tu chupa ikitikiswa, kisha maji ya baridi yakanidondokea nyuma ya sikio, nikaruka. Akasimama. Akangoja mpaka nikatulia, ndipo akaendelea. Alinichana taratibu kabisa, kuanzia nchani, kama alivyochanwa yeye.

Alipomaliza alikuja mbele akanikagua. Kisha akanipa chanuo mkononi, akanisukuma kidogo nimpishe kigoda, akakaa tukitazamana, akafumba macho.

Niligawa nywele zake kwa mstari wa katikati, nikafunga upande mmoja. Kengele ililia nikiwa upande wa pili, ule wa kovu. Mabega yalimpanda. Niliondoa mkono. Mama Chanuo alikuwa amesimama mlangoni wakati huo, mama yake mtoto yuko nyuma yake na vidole mdomoni. Mabega yakashuka. Nikafunga kibanio. Bibi Mdogo akajitazama kwenye kioo chenye ufa, akageuza kichwa, akalitafuta kovu, hakuliona. Akatoka akielekea darasani, mikono nyuma.

Mama Chanuo aliangalia mpaka mtoto akaingia mlango wa darasa, ndipo akaniambia, "Mstari umeupinda." Kisha akajifunika uso kwa pindo la kile kitambaa cha kichwani asichowahi kukivua mbele yetu, kwa maana kinyozi hajinyoi, na miaka yote hii yeye hakupata wa kumfunga nywele.

Basi mtakaoniona mstari wa mbele na vibutu viwili visivyolingana, kimoja karibu na jicho, mnaruhusiwa kucheka. Sivifumui leo.

Mama Chanuo, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, wazazi, na wasichana wote waliowahi mstarini kwa mikono yako, asante. Mstari umepinda, najua, na Jumatatu nitaogopa tena. Lakini mtoto yuko darasani. Tunakuombea afya njema, usingizi mrefu, na asubuhi zisizo na kengele. Na ukiamka gizani ukaona huna pa kuipeleka mikono, njoo. Utakaa wewe kigodani, utavua hicho kitambaa, nitakupa chanuo ulishike kwanza, nami nitasubiri.